Mkwezi na Sanduku la Theluji

Kabla hujamwona, ulimsikia.

"Jisitirini, jamaa, napandaaa!"

Mara tatu. Baada ya ile ya tatu alisimama chini ya mnazi, panga kiunoni, kitanzi cha kamba mkononi, akihesabu kimoyomoyo mpaka kumi, ndipo akwee. Sisi wanawake wa kijiji cha Bweni tulijua la kufanya. Anayeoga uani huvuta kanga yake, anayesukwa huingia ndani, na anayegombana na mumewe hushusha sauti, maana aliye juu ya mnazi anaona nyua zote na anasikia yote. Wakwezi wengine walipiga ukelele mmoja tu wa kuondoa lawama, huku mguu tayari uko juu. Yeye, hapana. Bi Vitumbua, jirani yetu, ambaye mdomo wake ulikuwa moto kuliko kikaango chake, alikuwa akisema:

"Yule hata mnazi wa porini anaupigia hodi. Kima wenyewe wanajifunika!"

Kijiji kizima kilimwita Mkwezi, nami nitamwita hivyohivyo. Wakwezi walikuwa wengi, kisiwa chetu cha Mafia kina minazi kuliko watu, lakini ukisema "Mkwezi" bila kuongeza neno, ni yeye tu.

Alichokiona juu alikiacha juu. Siku moja bwana mmoja mwenye wivu alimvizia chini ya mnazi, akamvuta pembeni. "Mzee, hebu niambie kweli, jana uliona nini uani kwangu?" Mkwezi akafikiri sana, akakuna ndevu. "Niliona," akasema, "paa lako limetoboka upande wa kibla. Suka makuti, masika hayo yanakuja." Basi. Akaenda zake. Kwa hiyo wanawake walimwamini kama wanavyomwamini mkunga, na wanaume walimwogopa kidogo.

Mambo yake mengine hatukuyaelewa. Mkwezi hakunywa dafu. Yaani mtu aliyewakatia dafu watu wa maulidi, wagonjwa, wageni wa serikali na watoto wanaolia, yeye mwenyewe alikupa lililokwisha tobolewa, halafu akageuza uso. Kiu ikimshika aliomba maji ya mtungini.

"Mimi nauza vitumbua na navila, nitazame nilivyonenepa," Bi Vitumbua alimwambia. "Wewe dafu limekukosea nini?"

"Nimelikinai."

"Utakinai usichokinywa?"

Akacheka kidogo, akafunga panga lake, akaondoka.

Na lipo jambo la Bibi wa Ukili. Huyu alikuwa bibi mzee aliyeishi peke yake njia ya kwenda mnara wa taa, akisuka ukili wa mikeka kutwa. Mkwezi alimpelekea nazi kila wiki, akamfulia mwenyewe, makumbi yote akayatoa, akampangia karibu na jiko. Alimwita mama. Mtoto wa kuzaa asingefanya zaidi. Lakini hakukaa. Bibi alimtandikia mkeka, mkeka mzuri wa rangi, na yeye alisimama mlangoni kama mtu aliyeleta barua. Nilipokuwa mdogo nilidhani magoti yake hayakunjiki.

Mimi nilimfahamu vizuri kwa sababu nilikuwa mwalimu wake. Msicheke. Nilimaliza darasa la saba, sikuchaguliwa kuendelea, nikalia siku mbili, ya tatu nikasahau. Wakati ule kijiji chetu kimekuwa kijiji cha ujamaa, na neno likatoka kwamba kila mtu mzima asome. Mwenyekiti wa kijiji akanikabidhi boksi la chaki na banda la kukaushia mbata za nazi, akaniambia, "Haya binti, wasomeshe." Nilikuwa na miaka kumi na saba. Wanafunzi wangu walikuwa wavuvi, akina mama wenye watoto mgongoni, na wazee ambao mimi nilikuwa nikiwapa shikamoo kabla ya kuwauliza herufi. Darasa lilinuka mbata mpaka nikirudi nyumbani mama ananiambia nimepakwa mafuta. Niliipenda kazi ile, Mungu ananiona.

Mkwezi alikuja kwa kuwa ilikuwa amri. Alikaa karibu na mlango, akatengeneza kamba zake, na ubao wa kuandikia hakuugusa. "Mkono huu ni wa panga," alisema. "Wewe soma, mwalimu, mimi nitasikia." Siku moja niliandika ubaoni ile methali, aliye juu mngoje chini, niliona ina herufi nzuri za mazoezi. Mkwezi akainua uso.

"Futa hiyo."

"Kwa nini, mzee?"

"Aliye juu anajua kushuka mwenyewe. Aliye chini je? Nani amngoje?"

Darasa zima likacheka. Nami nikacheka, na sikufuta. Kile kicheko changu bado ninacho, na kila nikikumbuka kinanichoma.

Sasa niwaambie la sanduku. Tuliahidiwa maktaba ya kijiji: vitabu vya uvuvi, vya kilimo cha minazi, vya malezi. Lori la kutoka Kilindoni, mji wetu wa kisiwani, likafika limejaa vumbi, likashusha sanduku la mbao limefungwa kamba ya katani. Tukalifungua mbele ya watu wote. Kitabu cha kwanza kilikuwa na picha ya mtu mwenye ndevu nyeupe, nyusi nyeupe, amefumba macho.

"Huyu kamwagikiwa unga?" Mwenyekiti akauliza.

Vitabu vilikuwa tisa, na vyote, cha kwanza mpaka cha mwisho, vilikuwa vya watu waliopanda milima wakapatwa na balaa. Waliopotea kwenye ukungu. Waliofunikwa na theluji. Waliorudi wamekatika vidole. Vilikuwa vimefasiriwa kwa Kiswahili chepesi, nadhani kwa ajili ya wapagazi na waongozaji wa wageni, wajifunze kwa makosa ya wengine. Nikageuza kifuniko cha sanduku nikasoma jina lililoandikwa kwa rangi: kijiji cha bara, kwenye miteremko ya ule mlima mkubwa ambao tulifundishwa shuleni kwamba nchi ilipopata uhuru uliwekwa mwenge juu yake. Mtu wa stoo huko bara alikuwa amechanganya. Sanduku letu la nyavu na papa limekwenda mlimani, na la mlimani limetufikia sisi, kwenye kisiwa bapa kama chapati, ambako kitu kirefu kupita minazi ni mnara wa taa.

Mwenyekiti akasema lirudishwe. Hapo ndipo Mkwezi alipozungumza mkutanoni, kwa mara ya kwanza tangu nipate akili.

"Mwenyekiti, watu hawa kazi yao nini?"

"Kupanda."

"Na mimi?"

"Wewe unapanda minazi, mzee, si milima."

"Mkwezi ni mkwezi. Waacheni niwasikie wenzangu."

Mwenyekiti aliandika barua ya kuuliza lirudishwe vipi. Jibu halikuja. Sanduku likabaki bandani, likawa letu.

Nikaanza kuwasomea kila alasiri baada ya herufi. Siku ya kwanza tulikwama kwenye theluji. Bi Vitumbua alitaka kujua ni kitu gani, nami theluji sijaiona, ila nilikuwa nikiiota. Kesho yake nikaja na nazi iliyokunwa kwenye ungo, nikairusha kidogo hewani, ikawaangukia mabegani.

"Ni kama hivi," nikasema, "ila ni baridi, na imejaa mlima mzima."

"Mlima mzima wa nazi iliyokunwa," akasema Bi Vitumbua, "na wao wakafa njaa? Watu gani hao hawana hata mchele!"

Tulicheka hadi watoto mgongoni wakaamka. Lakini Mkwezi hakuwacheka wale watu kamwe. Aliwasikiliza kama fundi anayesikia habari za fundi mwingine, na kila ajali aliihukumu. "Hapo kakosea, kapanda na hasira." "Huyo kamba yake ilikuwa mbichi, hakuivuta kwanza." Niliposoma kwamba wanne walijifunga kamba moja, akashtuka.

"Wanne kamba moja? Akiteleza mmoja, wamekwisha. Sisi kila mtu na mnazi wake." Akaipitisha kamba yake vidoleni. "Ila ina faida. Mkifungwa hivyo, huwezi kumwacha mtu."

Na alinichukulia ndoto yangu kwa uzito, jambo ambalo hata mama yangu hakulifanya. Nilikuwa nimewatangazia wote kwamba ipo siku nitaupanda mlima ule wa mwenge. Wenzangu waliniita Binti Theluji. Yeye aliniita kando, akanionyesha namna ya kuivuta kamba kwa uzito wa mwili mzima kabla ya kuiamini. "Uende," akaniambia. "Lakini kabla ya kujua kupanda, ujue kushuka."

Kitabu cha saba kilikuwa chembamba, jalada la buluu. Kilikuwa cha marafiki wawili, na aliyeandika ni mmoja wao. Siku ya tatu mlimani jiwe lilianguka likamvunja mwenzake mgongo. Hakuweza kumbeba. Akamfunika koti lake, akashuka kutafuta watu. Tulifikia hapo siku ya Alhamisi, nikafunga kitabu.

Nilikuwa na desturi ya kusoma mbele ili nisikwame mbele ya watu. Ijumaa ile nikasoma nikiwa jikoni, kisamvu kiko motoni. Ukurasa ulisema hivi: "Nilimwacha akiwa hai. Aliniita, nikamwambia narudi. Niliporudi alikuwa amekwisha kufa, na mkono wake ulikuwa umeelekea njia niliyoshukia." Nililia hadi kisamvu kikaungua. Mama akauliza nani kafa, nikamwambia mtu wa bara.

Nikawaza, hawa watu wangu wametoka baharini na mashambani wamechoka, nitawapelekea hili? Moyo wangu ukakataa. Jumamosi nikafungua kitabu, nikatazama ukurasa, na kinywa changu kikasoma ambacho hakikuandikwa:

"Niliporudi nilimkuta mwenzangu yu hai. Nikampa maji, akanywa, akacheka."

Bi Vitumbua akapiga kigelegele. Wavuvi wakapigana mabegani kana kwamba ni mtu wao kaokolewa. Mkwezi peke yake hakusogea.

"Imeandikwa hivyo?"

"Imeandikwa hivyo, mzee."

"Kamkuta hai."

"Hai."

Akachukua panga lake, akatoka. Nikadhani kazidiwa na furaha.

Siku iliyofuata alifika wa kwanza. Akanyoosha ule mkono wa panga. "Nipe ubao, mwalimu. Nataka kusoma mwenyewe."

Hajatokea mwanafunzi kama yule. Ubao haukumtosha. Alichonga herufi kwenye minazi, moja kwenye kila mnazi, akianzia msikitini akielekea mnara wa taa, ili kila siku ya kazi apite alfabeti yake yote. Ukimkuta njiani ukamuuliza hali alijibu, "Leo niko M." Mwenyekiti akamjia juu.

"Mzee, unachorachora minazi ya kijiji!"

"Si ulisema mkutanoni kwamba elimu iko shambani?"

Nazi za mstari ule zilikuwa zikiitwa kwa herufi zao, mtu anamtuma mwanawe, "Kaniokotee ya chini ya K."

Ilimchukua miaka miwili. Siku ya mtihani mkaguzi kutoka Kilindoni alimpa habari za mbolea, akazisukuma kando. "Mimi sikuja kusoma mbolea," akasema, na wakamfelisha. Hakujali. Alikuja kwangu akaomba kitabu cha buluu.

Ee Mola wangu. Nilimwambia aje kesho, nikaenda bandani peke yangu. Nikafungua ule ukurasa, nikaushika kwenye pembe. Kuuchana lilikuwa jambo la mara moja. Lakini karatasi ilikuwa ya serikali, na nilipotazama nje niliona minazi imesimama na herufi zake, kila moja imechongwa na mtu anayesadiki kwamba kilichoandikwa ndicho kilichoandikwa. Nikauachia. Kesho yake nikampa kitabu kizima, nikawa naishi kama mwizi anayesubiri kugongewa mlango.

Aliugonga baada ya mwezi. Nilikuwa nimekaa kwenye mbuzi uani nakuna nazi.

"Hodi."

"Karibu, mzee. Shikamoo."

"Marahaba." Alikuwa na kitabu, amekifunga kwenye kitambaa safi. "Nimefika."

"Umefika wapi?"

"Kwa yule mtu wako uliyemfufua."

Nazi ikanitoka mkononi, ikabiringika hadi miguuni pake. Akaiokota, akaipangusa mchanga, akanirudishia.

"Nisamehe, mzee. Nilimwonea huruma."

"Nani, yule wa kitabuni?"

"Yule, na nyinyi mliokuwa mnasikiliza."

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. "Mwalimu, huruma yako ilinichosha kuliko minazi yote niliyokwea. Siku ile nilitoka bandani nikajiambia, hata huyu wa theluji aliyemwacha mwenzake, Mungu kamrudishia. Ni mimi tu. Ndipo nikajifunza hizi a na be, nione mwenyewe yeye alifanya nini nisichofanya mimi. Alikimbia zaidi? Lile koti ndilo lililosaidia? Miaka miwili natafuta kosa langu humu." Akaweka kiganja juu ya kitabu. "Kumbe naye alichelewa. Kumbe tuko wawili. Na yeye kaliandika, jina lake liko juu ya jalada, kila mtu aone."

Kisha akanieleza. Zamani, kabla sijazaliwa, alikuwa na mwenzake, mkwezi kama yeye, mtoto wa pekee wa Bibi wa Ukili. Walikuwa shamba la mbali, hakuna nyumba karibu. Kidato kilichochongwa mnazini, alichokanyaga mwenzake, kilikuwa kimeoza, akaanguka, mgongo ukavunjika. Macho yalikuwa mazima, akili nzima.

"Akaniambia, 'Nina kiu. Nikatie dafu, usiende.' Nikautazama mnazi. Nikapiga hesabu ya kukwea na kushuka, nikaona wakati utapotea. Nikamwambia, 'Nikirudi nitakukatia.' Nikakimbia. Tuliporudi na kitanda cha kumbebea, alikuwa amekwisha kwenda." Akakaza fundo la kitambaa. "Mama yake nilimwambia alikufa palepale, hakusema neno. Nilidhani namsaidia. Kila Idi huniuliza, 'Mwanangu, kweli hakusema hata neno?' Nami humjibu, hakusema, mama."

Nikaelewa dafu. Nikaelewa mkeka. Nikaelewa na kile kicheko cha darasa langu.

"Twende," akasema. "Nitamsomea. Wewe kaa tu. Na nikikwama usinisaidie."

Bibi alikuwa uani kwake, ukili umezunguka miguu yake. Akashangaa kutuona wawili. Akatandika mkeka, mimi nikakaa, Mkwezi akasimama kama kawaida yake. Akafungua kitabu mahali palipokunjwa.

"Mama, nimekuja kukusomea."

"Sasa wewe ni msomi? Haya, soma mwanangu."

Akaweka kidole. "Ni-li-mwa-cha. A-ki-wa. Ha-i." Alikwama kwenye "nikamwambia", jasho likamtiririka, akarudi nyuma mara tatu, na mimi nikajiuma mdomo nisimsaidie. Akafika mwisho. Akafunga kitabu.

"Na mimi, mama," akasema. "Na mimi nilimwacha akiwa hai."

Mikono ya Bibi ilisimama. Sikuwahi kuiona imesimama. Akamwambia yote, la kiu, la dafu, na ile "nikirudi". Jogoo wa jirani aliwika, na hakuna kilichonikera maishani kama jogoo yule.

"Kwa hiyo alisema," Bibi akasema baadaye.

"Alisema, mama."

"Miaka yote hii namwomba Mungu hata neno lake moja. Kumbe ulikuwa nalo wewe."

Bibi akageuza uso.

"Nenda, mwanangu. Leo siwezi kukutazama."

Akaenda. Wiki iliyofuata alipeleka nazi kama kawaida, akakuta mlango umefungwa. Akazifulia nje, akazipanga kizingitini. Wiki nyingine vilevile. Bibi alizitia ndani Mkwezi akiisha ondoka, mlango asimfungulie. Nilimuuliza kama anajuta kusema. Alinijibu, "Mlima umeshanishinda kupanda, mwalimu. Sasa najifunza kushuka."

Mlango ulikuwa bado umefungwa nilipoolewa nikahamia Kilindoni. Nililibeba hilo pamoja na mizigo yangu. Huko nina maisha mazuri, mume wangu mcheshi, majirani wema. Lakini wakwezi wa mjini wanapanda bila kuita, au wanaita wakiwa tayari juu, na kila nikisikia makuti yanatikisika mimi huvuta kanga na kungoja ile sauti ya mara tatu. Sauti haiji. Naendelea kungoja, kama mjinga, hadi nasikia nazi zinaanguka.

Nilirudi Bweni mwaka wa nne kumwona mama. Magoti ya Mkwezi yalikuwa yamechoka, niliambiwa, hakwei tena, minazi ya kijiji imepewa vijana. Nikapita njia ya mnara. Herufi zilikuwa bado ziko, zimepanuka kwa mvua na jua, M imekuwa pana kama mtu anayetaka kukumbatia. Nilizigusa moja moja nikitembea. Nilipokaribia uwanja wa Bibi wa Ukili, nikasikia:

"Jisitirini, jamaa, napandaaa!"

Sauti imekuwa nyembamba, lakini ni ile ile. Mkono wangu ukavuta kanga wenyewe. Mara ya pili. Mara ya tatu. Nikazunguka ua nikamwona, amesimama chini ya mnazi wa kitamli, ule mfupi wenye madafu ya rangi ya chungwa, uliopandwa mlangoni pa Bibi. Madafu yalimfika kifuani. Hata mimi ningeyakata bila kunyoosha mkono. Naye amesimama pale, panga kiunoni, midomo inacheza, anahesabu mpaka kumi.

Ndani ikajibu sauti ya Bibi: "Panda, mwanangu, nimeshajisitiri."

Nilicheka na machozi yakanitoka, yote pamoja. Akageuka.

"Mwalimu! Mlima umeuona?"

"Bado, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Bado si hapana."

Bibi akatoka akipapasa ukuta, macho yake hayaoni vizuri tena. Akanishika uso kwa viganja vyote viwili. "Huyu mtu wako," akaniambia, "nilimfungulia mlango nilipotamani kulisikia tena neno la mwanangu. Sasa kila Ijumaa hunisomea ule ukurasa. Akimaliza humwambia, haya, sasa wa kwangu. Hunipa maneno ya mwanangu, yote mawili matatu. Namwambia, tena." Akacheka, pengo tupu. "Nimekuwa na mtoto anayeomba dafu, kama akina mama wengine."

Mkwezi akakata dafu, akalitoboa, akampa mkononi. Akakata la pili, akanipa mimi, akageuza uso kama zamani. Kisha akachukua kikapu cha nazi.

"Na lako?" Bibi akauliza.

"Mimi hapana, mama. Naenda kwanza kufua hizi, nikirudi..."

Hakumaliza. Nadhani alilisikia mwenyewe neno hilo lilivyotoka kinywani.

Bibi alikuwa amelisikia kabla yake. Akalinyoosha dafu lake, limejaa, hajaligusa, akalielekeza pale sauti ilipokuwa.

"Umekwisha rudi," akasema. "Kaa, unywe."

Mkeka ulikuwa umetandikwa. Mkwezi akaweka kikapu chini, akakunja magoti yake yale mabovu polepole, moja kisha la pili, akakaa. Akalipokea dafu kwa mikono miwili. Mimi nikavuta kanga nikajifunika uso, nikahesabu kimoyomoyo mpaka kumi, nikamsikia anakunywa.